Njia ya Zege kwa Mzee Jotham

Mzee Jotham wa Ikuti alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kushika jembe, na hakushika jembe mpaka amemaliza kufikiri. Ndiyo maana asubuhi ile, mkewe Ikupa alipokuwa akijifunga kitenge cha pili tayari kwenda msibani Masoko, na akamwuliza kama hilo zege la zizini amelifikiria vizuri, alimjibu bila hata kugeuka.

"Nimefikiria kila kitu."

Ikupa alimtazama kama mtu anavyokitazama chungu anachokiacha motoni, akachukua mwavuli wake, akaondoka.

Zizi lilijengwa na baba yake Jotham, enzi ambazo mtu alipimwa kwa zizi lake. Kuta zilikuwa za mianzi iliyosimamishwa wima na kubanwa sawasawa hata upepo uliomba ruhusa kupita. Nyasi za paa zilikwisha kubadilishwa kuwa bati mwaka mmoja kahawa ilipokubali. Ndani, upande wa kushoto, nyuma ya uzio wa fito, aliishi Subira, ng'ombe mzee wa kienyeji ambaye maziwa yake yalitosha chai ya mtu mmoja asiyependa maziwa. Upande wa kulia ilipita njia ya udongo, kutoka mlango wa mbele mpaka ukuta wa nyuma. Huko nyuma kulikuwa na tundu la kutolea samadi, usawa wa goti, kubwa kiasi cha kupitisha karai au kuku mwenye hasira.

Njia hiyo ndiyo iliyotakiwa kumwagwa zege. Kanisa lilikuwa na mradi wa kugawa mitamba wa kisasa, ng'ombe jike ambao hawajazaa, kwa kina mama, na jina la mkwe wake Jotham, Tulia, ambaye wengi walimwita Mama Lugano, lilikuwa limefikiwa. Ila bwana mifugo wa mradi, kijana wa Singida aitwaye Hezekia, alikuwa na masharti. Alisimama zizini na buti zake, akalitazama tope, akasema njia ya kulishia iwe ya zege, na zege liwe laini kama sahani, maana penye shimo hutuama mkojo, na mkojo unaharibu kwato.

"Nikija nikakuta unyayo mle," alisema, "uwe wa mtu, wa mbuzi au wa malaika, mtamba anakwenda kwa anayefuata."

Anayefuata alikuwa nyumba ya Ezron wa Nkunga. Jotham na Ezron walikuwa wameanza kushindana kwa ng'ombe tangu wakiwa wavulana wa kuchunga, na Ezron hakuwa mtu wa kupata kitu akanyamaza. Jotham alijiona akipita Nkunga, na Ezron akimwita kutoka barazani aje aone kiwele. Usiku ule hakupata usingizi mzuri.

Saruji haikuwa shida tena. Zilikuwapo siku ambazo mtu alitafuta kibali cha mfuko mmoja mpaka nyumba aliyotaka kuijenga ikamtoka akilini. Sasa saruji ilikaa madukani Tukuyu kama chumvi, na Erasto, mwanawe Jotham na mume wa Tulia, ambaye alikuwa Tunduma akiuza mitumba, alituma mifuko kwa lori bila kumwomba mtu saini. Shida ilikuwa nyingine. Shida ilikuwa mkwe.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutani. Hawatazamani usoni, hawasemezani, hawapiti njia moja kwa wakati mmoja. Wachungaji walikwisha kusema mara nyingi kwamba jambo hilo si la lazima. Jotham aliwasikiliza kwa heshima, akaendelea. Tangu Tulia aolewe, Jotham alimjua kwa kikohozi chake, kwa mlio wa ndala zake, na kwa pindo la kanga ya njano likipotelea migombani. Alimjua pia kwa ndizi alizopika, na kwa ndizi hizo alimpenda kama binti yake. Lakini uwanja wa Tulia, ambao ulikuwa nyuma kabisa ya zizi, hakuwahi kuukanyaga. Angekanyaga moto kwanza.

Sasa bomba la maji lilikuwa katika uwanja huo. Mchanga na kokoto lori lilivimwaga katika uwanja huo. Na mwenye kazi alikuwa Tulia mwenyewe, akisaidiwa na mwenzake wa kikundi cha mradi, Modesta, nesi wa zahanati, mzaliwa wa Songea. Zege lingechanganywa huko. Jotham alifikiri siku kadhaa, akapata jawabu, na jawabu lilimpendeza hata akalirudia moyoni akiwa kanisani. Wanawake wachanganye zege nyuma. Karai likijaa, walisukume kwenye tundu la samadi, walipige mara mbili, warudi nyuma. Yeye alipokee, alimwage, asawazishe. Hakuna kuonana. Na kwa kuwa zege litakuja kutoka nyuma, yeye ataanzia mlango wa mbele na kurudi kinyumenyume kuelekea tundu, ili asilikanyage.

Kila kipande cha mpango huo kilikuwa sahihi.

Kazi ilianza umande haujakauka. Karai liliingia, likagongwa, ndala zikarudi nyuma, Jotham akalichukua. Alikuwa na mwiko wa uashi wa kuazima na ubao mrefu wa kusawazishia. Kila baada ya hatua alichuchumaa akalala ubavu kidogo, jicho moja limefumbwa, akalitazama zege kama mtu anayelenga ndege.

Ng'ambo ya ukuta Modesta hakunyamaza.

"Tulia, sasa mimi nikimwona itakuwaje? Mimi si mkwe."

"Wewe mwone tu, dada."

"Nimwone nikuambie anafanyaje?"

"Hapana. Hiyo ni kama nimemwona mimi."

"Makubwa. Kwetu Songea baba mkwe anakuja jikoni anafunua vyungu."

Jotham, kwa upande wake, alitikisa kichwa kuwahurumia watu wa Songea, akaendelea kulainisha.

Jua lilipofika juu ya migomba, karai la mwisho liliingia. Jotham alilimwaga chini ya tundu, akapanda uzio wa fito akaingia kwa Subira, akainama juu ya fito ya chini na kumalizia kipande hicho cha mwisho kwa mwiko. Kisha akasimama, akajipangusa, akaitazama kazi yake. Njia ilikuwa ndefu, ya kijivu, inang'aa kama tumbo la samaki, haina kovu. Mtamba wa kisasa angestahili njia hiyo. Hata ng'ombe wa Ezron, kama angekuwa na adabu, angekuja kuitazama.

"Basi," alisema kwa kuridhika.

Halafu akatafuta pa kutokea.

Aliutazama mlango wa mbele, mbali, ng'ambo ya zege lote. Alizitazama kuta za upande wa Subira, wa kushoto na wa nyuma, zilizosimama ukingoni mwa bonde lenye kina ambacho hata mbuzi walikiheshimu. Alilitazama tundu la samadi, ambalo lingepitisha kichwa chake na kumwacha huko na matatizo mawili badala ya moja. Subira alisogea, akaanza kutafuna pindo la shati lake.

"Subira," alisema Jotham kwa sauti ya chini, "tulia kwanza." Kisha akajuta, kwa sababu jina la mkwe halitamkwi, na alikuwa amelitamka.

Ng'ambo ya pili ndala zikarudi nyuma hatua mbili.

"Baba," Modesta aliita, "umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umetoka?"

Jotham alilifikiria swali hilo. "Bado."

Kisha akamsikia Modesta akiachia koleo na kuketi chini juu ya kokoto, na kicheko kikamtoka, kirefu, chenye machozi ndani yake. Tulia alimnyamazisha, akamnyamazisha tena, kisha naye akawa anakohoa kikohozi ambacho Jotham hakukijua.

Jotham hakukasirika. Alijaribu njia ya juu. Boriti za paa zilipita juu ya uzio mpaka mbele, na enzi za ujana wake alikuwa akitembea juu yake kama paka. Alishika boriti moja, akajivuta. Boriti ilitoa sauti kama ya mtu mzima anayeambiwa ainuke, na vumbi la miaka mingi likaanguka kuelekea kwenye zege. Jotham alijirusha kwenye fito, akalipuliza vumbi kwa pumzi zake zote, mashavu yamevimba. Alipuliza mpaka akaona nyota. Zege likapona. Hakujaribu tena.

Hapo ndipo chai ilipomkumbuka. Asubuhi, kwa kujiandaa kwa kazi nzito, alikunywa birika zima. Subira, aliyesimama karibu naye, hakuwa na aibu ya namna hiyo. Alijisaidia palepale kwa sauti ya mvua ya masika. Jotham aliisikia mvua hiyo kwa mateso. Mianzi ilikuwa mianzi tu. Mkwe alikuwa ng'ambo yake. Alibana magoti.

"Baba," Modesta alisema, "tungojee likauke?"

"Mpaka lini?"

"Kesho asubuhi labda litabeba mtu."

Jotham alibana magoti zaidi. "Hapana," alisema. "Kesho ni mbali."

"Basi mimi nakata ukuta hapa kwenye tundu. Mianzi mitatu tu, unapita."

"Unapita kwenda wapi?"

Modesta hakuelewa. "Huku. Uwanjani."

Ndivyo mambo yalivyokuwa sasa, na Jotham aliyaona yote mawili wazi kama yamewekwa juu ya meza. Akitoka kwa mbele, anapiga nyayo katika njia yote, na mtamba anakwenda Nkunga. Akitoka kwa nyuma, anatumbukia katika uwanja wa mkwe wake mchana kweupe, mzee mzima, mbele ya jiko lake na nguo alizoanika.

Wakati akiyatazama, sauti ya mwanamke iliita kutoka barabarani. Kulikuwa na mama zahanati, uchungu umeshika, nesi atafutwe upesi. Modesta alisema maneno fulani ya kwao Songea, koleo likalia juu ya kokoto, na viatu vyake vikaondoka mbio.

Wakabaki watatu: Jotham, Subira, na ng'ambo ya mianzi mtu ambaye hakutakiwa kuwapo.

Muda ulipita. Kisha ikasikika sauti, ndogo lakini imara, ikizungumza na ukuta.

"Subira. Mwambie aliye ndani kwamba bwana mifugo alisema akipata nafasi angepita hata leo."

Jotham alishtuka hata chai ikashtuka naye. Sauti ile hakuwahi kuisikia ikisema maneno zaidi ya mawili. Ilikuwa sauti nzuri. Aliyakodolea macho masikio ya ng'ombe, akajikaza.

"Subira," alisema, "mwambie aliye nje kwamba nimesikia."

"Subira, mwulize kama panga lifanye kazi."

Subira alimtazama Jotham. Jotham alimtazama Subira. Alikumbuka mikono ya baba yake ikifunga mianzi ile, mmoja baada ya mwingine, akimwonyesha namna ya kukaza kamba. Kisha akamkumbuka Ezron barazani, na kiwele.

"Mwambie akate," alisema. "Ila nikiwa natoka, asiwepo mtu."

"Subira, mwambie hatakuwepo mtu."

Panga lilianza. Lilipiga taratibu, bila kukosea, kila pigo mahali pa pigo lililotangulia, na Jotham, ambaye alijua kazi anapoisikia, alijikuta akiheshimu. Mwanzi mmoja ulitoka, na mwanga ukaingia. Ukatoka wa pili. Yeye aligeuza uso akamtazama Subira mgongoni mpaka alipozisikia ndala zikienda mbali.

Hapo akapata wazo, na lilikuwa wazo la mtu mwenye akili bado. Kwenye fito ulining'inia mfuko mtupu wa saruji. Mtu asiyeona uwanja, alijiambia, hawezi kusemwa kwamba ameuona. Aliuvaa mfuko kichwani mpaka mabegani. Akaupapasa ubao wake wa kusawazishia, akaulaza kutoka kwenye fito ya chini mpaka kizingiti cha tundu, juu kidogo ya zege, akaanza kutambaa juu yake kwa magoti.

Ubao ulimvumilia mpaka katikati. Kisha ukageuka. Kiganja kimoja na goti moja vilizama katika kitu baridi, laini, na Jotham, ndani ya mfuko, alijua amefanya nini. Lakini kurudi nyuma kungekuwa kuzamisha mengine. Aliushika mwanzi, akajivuta, akatokea uwanjani kama ndama anayezaliwa, amefunikwa kichwa, kijivu mpaka kiunoni.

Alisimama. Hakuona kitu ila giza lenye harufu ya saruji. Hakujua mbele ni wapi. Alipiga hatua, akagonga sufuria. Alipiga nyingine, nguo mbichi ikamshika usoni.

Ndipo ncha ya mti ikamgusa mkononi, taratibu. Ulikuwa mpini wa jembe. Mtu aliushika upande wa pili.

"Modesta?" alisema Jotham.

Hakuna aliyejibu. Modesta angejibu, tena kwa maneno mengi. Jotham alielewa, na aliyeushika mpini alielewa kwamba ameelewa. Wote wawili wakaamua hawajaelewa. Mpini ulivutwa kidogo, Jotham akaufuata, akipita kwenye harufu ya maharage yaliyoanza kushika chini, na kando ya bomba lililokuwa likidondoka matone, jambo ambalo mtu mwenye chai nyingi hakulihitaji.

Pikipiki ilisikika ikipanda kilima. Ikasikika karibu. Ikazimika.

"Hodi," ilisema sauti ya Hezekia. Kisha, baada ya muda mrefu: "Mama Lugano, huyu unampeleka wapi?"

Mpini ukasimama. Tulia, mbele ya mkwe wake, hakuweza kujibu. Aliufungua mkono wake, mpini ukaanguka, na ndala zikakimbia. Jotham akabaki peke yake katikati ya uwanja.

"Bwana mifugo," alisema kutoka ndani ya mfuko, kwa upole, "mimi sipo hapa. Zunguka kwa mbele. Nitakukuta zizini."

Hezekia alikuwa kijana mwenye malezi. Alizunguka kwa mbele.

Jotham aliufuata ukuta wa zizi kwa mkono mpaka kona, akauvua mfuko akiwa upande wake wa dunia, akakimbia kwa namna ya mtu aliyebana magoti. Kichwani mwake kulikuwa na jambo moja tu, na halikuwa chai: kiganja na goti, chini ya tundu, vimechapwa katika zege kama muhuri. Alimkuta Hezekia akiweka mkono mlangoni.

"Umelalaje, bwana mifugo?" alisema Jotham, akijiweka mbele ya mlango.

"Salama, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Na nyumbani Singida wamelalaje?"

"Wazima, nadhani. Kuna mbali."

"Mama yuko?"

"Yupo."

"Na baba? Na wadogo zako? Ng'ombe wao je, wanapata majani?"

Huko Rungwe watu huulizana wamelalaje hata mchana, na kusalimiana si kazi ya haraka, na Hezekia alikwisha kuzoea. Lakini hakuwahi kusalimiwa namna hiyo, na mzee aliyepakwa saruji kichwani, akibadilisha mguu wa kusimamia baada ya kila swali kama jogoo kwenye bati la moto. Jotham aliuliza kuhusu mvua za Singida. Aliuliza kuhusu mtama. Aliuliza kuhusu bibi mzaa mama, akaambiwa alifariki, akatoa pole, akauliza habari za msiba. Hakujua anangojea nini. Alijua tu kwamba mlango usifunguliwe.

Hatimaye Hezekia alimsogeza kwa heshima, akaufungua.

Jotham alitazama juu ya bega lake. Mbali kule, mwisho wa njia, katika mwanga wa tundu lililopanuliwa, ubao ulikuwa umekwisha kuondolewa, na mkono uliingia kutoka nje. Ulikuwa na mwiko wa jikoni, na ulikuwa na pindo la kanga ya njano. Ulikwenda kushoto, ukarudi kulia, mara moja tu, bila haraka, kama unavyolainishwa ugali kabla ya kufikishwa mezani. Kisha ukatoweka.

Hezekia alikuwa ameinama kutazama karibu, hakuuona. Alichuchumaa, akalaza ubavu kidogo, akafumba jicho moja.

"Mzee," alisema Hezekia mwishowe, "hili limemwagwa leo."

"Leo."

"Halina hata alama." Alinyanyua kichwa. "Sasa aliyelisawazisha alitokea wapi?"

Jotham angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kwamba mlango ule wa nyuma aliukusudia tangu mwanzo. Kwamba alikuwa amefikiria kila kitu, na watu wa Ikuti wangeamini. Alilitazama tundu, na hakuisikia ndala yoyote ikiondoka.

"Kule," alisema, kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake. "Ukuta umekatwa na mkwe wangu. Na kile kipande cha mwisho, pale panapong'aa, ni kazi yake. Kimelainika kuliko changu."

Ng'ambo ya mianzi mtu alikohoa. Jotham alikijua kikohozi hicho. Kwa kawaida baada yake zilifuata ndala. Safari hii hazikufuata.

"Sawa," alisema Hezekia, akijipangusa magoti. "Mtamba mtamchukua nyie. Mlimwagilie maji hilo zege lisipasuke. Na ule mlango wa nyuma muuache, majani yatapita huko."

Alitaka kuendelea, kuhusu majani na chumvi ya ng'ombe, lakini mzee hakuwapo tena. Alikuwa akienda migombani, kwa hatua fupifupi za haraka, bila kuaga.

Ikupa alirudi kutoka Masoko jioni, mwavuli umelowa. Alisimama mlangoni pa zizi, akaitazama njia, akautazama ukuta uliokatwa, akamtazama mumewe aliyekuwa na saruji hata nyusini.

"Ulifikiria kila kitu?"

Jotham alikuwa ameinama kwenye uzio, anamkuna Subira nyuma ya sikio.

"Subira," alikuwa akisema, "mwambie aliye nje kwamba maharage yake yanaungua."

"Subira," ilijibu sauti ya ng'ambo, "mwambie aliye ndani kwamba yalikwisha kuungua tangu mchana, na atayala hivyohivyo."